Boston ni siku moja: mkimbiaji wa Bomet na ngazi isiyo na mshahara

Sisi watu wa Mombasa tunaijua Kericho na Bomet kwa magunia. Majani chai yao hushuka kwa malori hadi kwenye magodauni ya Shimanzi na Changamwe, yakaonjwa, yakapigwa mnada mjini hapa hapa, na yakapanda meli. Mnada huo umekuwa Mombasa tangu 1969, kwa hivyo wengi wetu tumekula kwa jasho la vilima ambavyo hatujawahi kuvipanda. Wakimbiaji wa huko nao tunawajua, lakini kwa televisheni tu, na siku wanaposhinda tu.

Mimi nina sababu nyingine ya kuijua Bomet. Dada yangu ameolewa huko, huu ni mwaka wa ishirini na mbili. Mumewe hufanya kazi katika kiwanda cha chai. Mtoto wao wa pili, mwenye miaka 19, amepata nafasi katika chuo cha ufundi kusomea umeme, na karo ya muhula wa kwanza imeshapatikana kwa taabu. Kijana hataki chuo. Anataka pesa hizo zimlipie chumba na chakula kwenye kambi ya mazoezi kwa miezi sita.

Dada akanipigia simu usiku. "Kaka, zungumza na mpwa wako. Mimi na babake hatusikii."

Nikampigia. Kijana ana adabu, hilo siwezi kumnyima. "Shikamoo, mjomba." Nikaitikia marahaba, na kabla sijafungua mdomo kutoa hotuba niliyoipanga, akaniwahi. "Mjomba, Cheruiyot wa huku kwetu alishinda Boston akiwa na miaka 21. Mimi nina 19. Nikikaa chuoni miaka mitatu nitakuwa nimechelewa."

Sikuwa na jibu. Nilimwambia anipe wiki moja. Haya ndiyo niliyoyapata katika wiki hiyo, na nayaandika hapa kwa sababu najua si dada yangu peke yake aliye na kijana wa namna hii.

Kwanza Cheruiyot mwenyewe, maana jina hili huwachanganya watu. Robert Cheruiyot wa Boston ni wawili na hawana udugu. Wa kwanza ni Robert Kipkoech Cheruiyot, aliyeshinda mbio hizo mara nne, 2003 kisha mfululizo 2006, 2007 na 2008. Wa pili, ambaye mpwa wangu anamsema, ni Robert Kiprono Cheruiyot, aliyezaliwa Bomet Agosti 1988. Alishinda marathoni ya Frankfurt 2008 akiwa na miaka 20, akamaliza wa tano Boston mwaka uliofuata, na tarehe 19 Aprili 2010 akarudi tena Boston.

Boston hukimbiwa Jumatatu, siku ya mapumziko katika jimbo la Massachusetts. Hakuna wawekaji kasi wa kulipwa kama London au Berlin. Kila mtu hujipigia hesabu yake. Njia huanza mji mdogo wa Hopkinton, hushuka, na kuanzia karibu kilomita ya 26 vilima vya Newton huanza kumkata mtu miguu. Siku ile Cheruiyot alimwacha Deriba Merga wa Ethiopia, aliyekuwa bingwa mtetezi, akafika peke yake kwa saa 2, dakika 5 na sekunde 52. Aliivunja rekodi ya njia hiyo, ambayo aliyekuwa nayo ni yule Cheruiyot mwingine, kwa dakika moja na sekunde 22. Aliyemfuata alikuwa nyuma kwa dakika moja na nusu. Zawadi ilikuwa dola 150,000, na dola 25,000 juu yake kwa ajili ya rekodi. Kwa kiwango cha wakati ule, hizo ni zaidi ya shilingi milioni 13.

Hapo ndipo kijana anaposimamisha hadithi. Mimi niliendelea kusoma.

Mwaka mmodi kasoro siku moja, tarehe 18 Aprili 2011, Cheruiyot alisimama tena Hopkinton. Alikimbia vizuri mno. Alimaliza kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 43, yaani sekunde 51 tu nyuma ya rekodi yake mwenyewe, na haraka kuliko mtu yeyote aliyewahi kushinda Boston kabla ya ule ushindi wake. Alikuwa wa sita. Geoffrey Mutai alishinda kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 2, na wa pili, sekunde nne nyuma yake, alikuwa Moses Mosop. Waliokuwepo Mombasa Machi 2007, wakati mbio za nyika za dunia zilipoletwa hapa na joto letu likamtoa mbioni hata Kenenisa Bekele, watamkumbuka Mosop: ndiye aliyechukua medali ya fedha nyuma ya Zersenay Tadese wa Eritrea.

Upepo ulikuwa ukiwasukuma mgongoni siku hiyo ya Boston, ni kweli. Na muda wa Mutai haukuweza kuwa rekodi ya dunia hata kidogo, kwa kuwa njia ya Boston hushuka kupita kiasi kinachoruhusiwa, ambacho ni mita moja kwa kila kilomita, na mwanzo wake uko mbali mno na mwisho. Lakini upepo uliwasukuma wote. Nafasi ya sita ililipwa dola 12,000.

Tazama namba hizo mbili, 175,000 na 12,000. Kati yake hakuna uvivu wala ulevi wala mke wa pili, mambo ambayo sisi watu wa vijiweni hupenda kuyataja mkimbiaji anapopotea kwenye televisheni. Kuna sekunde 51, na watano waliokuwa na siku nzuri zaidi. Jina la Robert Kiprono Cheruiyot halikurudi tena kwenye orodha ya washindi wa Boston.

Ili kuelewa kinachofuata baada ya siku kama ile, nilisaidiwa na mchezo ambao sisi hatuuchezi kabisa, besiboli ya Marekani. Mpangilio wake uko wazi kuliko wa riadha. Juu kuna ligi kuu yenye klabu 30. Chini ya kila klabu kuna timu ndogo ndogo zilizopangwa kama ngazi, na wachezaji hupandishwa na kushushwa kila wiki. Wengi huishia humo humo chini. Mtu anaweza kucheza miaka kumi kwenye viwanja vya miji midogo, akaitwa juu kwa majuma machache, akarudi.

Waafrika wameipanda ngazi hiyo. Tayler Scott, mrushaji aliyezaliwa Johannesburg, alichaguliwa na Chicago Cubs 2011 na hakurusha mpira hata mmoja ligi kuu hadi Juni 2019, akiwa na Seattle Mariners. Miaka minane. Alikuwa mrushaji wa kwanza mzaliwa wa Afrika kufika huko. Kabla yake, Gift Ngoepe, pia wa Afrika Kusini, alitia saini na Pittsburgh Pirates 2008 na akaingia uwanjani ligi kuu tarehe 26 Aprili 2017. Zamu yake ya kwanza ya kupiga aliupiga mpira vizuri. Jumla ya mechi zake ligi kuu, kwa misimu miwili, ni 41. Sasa hivi kuna vijana wa Uganda, jirani zetu hapa, waliotia saini na klabu za Marekani na kuanza ngazi za chini kabisa.

Riadha ya barabarani nayo ina ligi kuu yake, ila haijaitwa hivyo kwa Kiswahili. Tangu 2006 Boston, London, Berlin, Chicago na New York zimefungwa pamoja kuwa kundi la marathoni kubwa za dunia. Tokyo ikaongezwa 2013 na Sydney 2025. Chini yake kuna mamia ya mbio zilizopangwa kwa daraja na shirikisho la dunia, na chini ya hizo kuna mbio ambazo hakuna anayezipanga popote: kilomita kumi katika mji wa Ujerumani wenye kanisa moja na mkate mzuri, nusu marathoni katika jimbo la China, mbio za mwanasiasa Jumapili huko kwetu ambapo zawadi ni blanketi na picha na mheshimiwa.

Mwenye kufika ligi kuu hualikwa. Orodha ya wanaume wanaolipiwa nauli huwa ni watu wachache, pengine ishirini, na Kenya peke yake ingeweza kuijaza mara kadhaa. Kwa Olimpiki kuna kikomo cha watatu kwa kila nchi. Kwa Boston au Berlin hakuna kikomo ila subira ya waandaaji. Anayemaliza wa sita leo, kesho kuna kijana wa miaka 22 mwenye muda bora na bei nafuu. Na marathoni hukimbiwa mara mbili kwa mwaka, tatu ukijitia wazimu. Mchezaji wa besiboli akikosea leo, kesho ana mechi nyingine. Mkimbiaji akiumwa tumbo Aprili, anangoja Oktoba.

Sasa tufike kwenye kile nilichotaka kumwambia mpwa wangu hasa.

Yule mrushaji wa besiboli, katika miaka yake minane ya chini, alikuwa ameajiriwa. Mshahara wa ligi ndogo ulikuwa mbaya, kiasi cha wachezaji kulala wanne chumba kimoja, na wameupigania. Mwaka 2023 walipata mkataba wao wa kwanza wa chama, ukapandisha kima cha chini cha ngazi ya juu ya ligi ndogo kutoka dola 17,500 hadi 35,800 kwa mwaka. Ukiulinganisha na kima cha chini cha ligi kuu mwaka huo, dola 720,000, ni makombo. Lakini ni mshahara. Kuna basi, kuna daktari wa kutazama bega, kuna kitanda. Klabu inalipa gharama ya kungoja kuona kama huyu atakuwa mtu.

Bomet nani analipa gharama ya kungoja? Mama yake. Baba yake, kutoka kwenye mshahara wa kiwanda au bonasi ya chai. Dada aliyeolewa mjini. Shamba lililokodishwa. Ng'ombe wa maziwa aliyeuzwa. Kambi nyingi ni vyumba vya mabati ambavyo vijana huchangiana kodi, unga na kuni, na meneja hutokea pale tu mmoja wao anapoonyesha muda unaouzika. Akishatokea, kwa kawaida huchukua asilimia 15 ya mapato. Hilo silalamikii, ndiye mwenye kujua viza na waandaaji wa mbio. Lakini miaka iliyotangulia hakulipia yeye.

Na pesa zinapokuja hazifiki zote. Tuchukue hesabu ya mfano, si ya mfuko wa mtu yeyote. Mkimbiaji ameshinda dola 100,000 Marekani. Kodi ya kule kwa mgeni kutoka nchi isiyo na mkataba wa kodi, na Kenya haina, hukatwa asilimia 30 moja kwa moja. Zimebaki 70,000. Meneja achukue 15,000 zake, zibaki 55,000. Toa kocha, toa waliokuwa wakimsindikiza mazoezini, toa deni la kambi, halafu mamlaka ya kodi ya nyumbani nayo ina maswali yake. Kinachobaki ni pesa nzuri sana, sikatai. Lakini huenda ndiyo malipo ya miaka mitano iliyopita na kumi ijayo kwa pamoja, na kijiji kizima kimeisoma ile namba ya kwanza gazetini.

Zamani hata hesabu hiyo haikuwepo. Mkenya wa kwanza kupata medali ya Olimpiki anatoka nchi hii hii ya chai: Wilson Kiprugut Chuma wa Kericho. Tokyo, Oktoba 1964, mita 800. Katika nusu fainali yeye na George Kerr wa Jamaika walikimbia wote dakika 1 na sekunde 46.1, wakaivunja rekodi ya Olimpiki. Kwenye fainali alichukua shaba nyuma ya Peter Snell wa New Zealand na Bill Crothers wa Kanada. Hiyo ndiyo medali pekee Kenya iliyoileta nyumbani mwaka ule. Brazzaville 1965, kwenye michezo ya kwanza ya Afrika nzima, alishinda mita 400 na 800. Mexico 1968 aliongoza mbio kwa mzunguko mzima na zaidi kabla Ralph Doubell wa Australia hajampita mwishoni kwa muda uliolingana na rekodi ya dunia. Kiprugut alikuwa nyuma yake kwa sehemu mbili za kumi za sekunde.

Zawadi ilikuwa medali. Sheria za siku hizo zilimkataza mwanariadha kulipwa, na aliyepatikana na pesa alifungiwa. Boston yenyewe haikuanza kutoa zawadi ya fedha hadi 1986. Ibrahim Hussein, Mkenya wa kwanza kushinda huko, alifika 1988, pesa zikiwa bado ngeni. Kiprugut alistaafu mbio baada ya Mexico. Alifariki Novemba 2022, akiwa na miaka 84, na nina hakika wasomaji wengi wa Pwani walilisikia jina lake kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Lakini kuna jambo moja alilokuwa nalo ambalo kijana wa leo katika chumba cha mabati hana. Alikuwa mwanajeshi. Alikula, alivaa, alilipwa kila mwezi, akashinda au asishinde. Naftali Temu, bingwa wa mita 10,000 wa Mexico, alikuwa mwanajeshi pia. Kipchoge Keino alikuwa polisi. Ile miaka isiyo na medali ililipiwa na serikali, kwa mlango wa nyuma. Hadi leo jeshi, polisi na magereza huchukua wakimbiaji, na ukiuliza kwa nini bingwa fulani anaitwa konstebo au sajini, jibu ni hilo. Hiyo ndiyo ligi ndogo pekee yenye mshahara tuliyowahi kuwa nayo. Nafasi zake ni chache na zinagombaniwa kuliko nafasi za Boston, na mwenye kuzipata kwa kawaida ameshakimbia vizuri kwa gharama ya mtu mwingine.

Nilimweleza mpwa wangu yote haya. Alinisikiliza, nadhani kwa ajili ya heshima. Kisha akanijibu kitu ambacho sikukitarajia.

"Mjomba, unajua babangu anafanya kazi wapi. Mashine zinachuma chai sasa. Mwaka wa 2023 si uliona watu walivyozichoma kule Kericho? Hata hiyo kazi ya kuchuma, ambayo mlikuwa mnaniambia nisome ili nisiifanye, haipo tena. Kwa hivyo usiniambie mbio ni kamari. Niambie ni nini huku si kamari."

Nilikaa kimya kidogo. Ni kweli niliyaona. Mei mwaka ule mitambo ya kuchumia ilichomwa moto mashambani na mtu akafa katika vurugu hizo. Mtambo mmoja hufanya kazi ya mikono mingi, na mikono hiyo ndiyo iliyokuwa ikilipa karo ya vijana kama huyu, na kodi ya vyumba vya kambi pia. Yaani ile klabu ya ligi ndogo ya Bomet, ambayo ni mama na baba, nayo inafilisika.

Nikamwambia basi tusibishane kuhusu kamari, tuzungumze kuhusu nani analipa. Umeme ukiujua, unaweza kujilipia unga wako mwenyewe wa kambi. Mkimbiaji anayejilipia anaweza kungoja miaka minane kama yule mrushaji wa Johannesburg. Anayelipiwa na ng'ombe wa mamake ana miezi sita, halafu ng'ombe amekwisha na yeye bado ana miaka 19. Nikamwambia pia kwamba Cheruiyot wake, siku aliyokuwa wa sita, alikimbia kuliko mabingwa wote wa Boston waliomtangulia, na kama anampenda kweli basi aipende na siku hiyo.

"Ya sita hatukuionyeshwa shuleni," akasema.

Chuo kiko kilomita tisa kutoka nyumbani kwao. Dada ananiambia wamekubaliana hivi: atakwenda, na atakwenda kwa miguu, yaani kwa mbio, asubuhi na jioni, begi la vitabu litapanda matatu na jirani. Karo imelipwa Jumatatu iliyopita. Kocha mmoja wa hapo hapo, mwalimu mstaafu asiyelipwa na mtu, amekubali kumpimia saa kila Jumamosi.

Jana nilipata ujumbe kwenye simu. Hakuandika habari za chuo wala za kocha. Ameuliza kama naweza kupita Kongowea, kwenye mitumba, nimtafutie viatu vya mbio, nambari 42, visiwe vimelika kisigino.